Mtoto kazaliwa na ualbino, kesi anapewa mama

Huwa inaanza wodini. Mama amejifungua salama, mkunga amemfuta mtoto na kumviringisha kwenye kitenge, na ndugu waliokuja na chupa ya uji wanainama kumtazama. Kisha kimya. Mtoto ni mweupe kuliko wenzake wote waliozaliwa usiku ule, nywele zina rangi ya nyasi kavu na kope zake hazionekani vizuri.

Bibi mzaa baba ndiye hufungua mdomo kwanza.

"Mwanangu, hebu niambie ukweli, tuko wawili tu hapa."

"Ukweli gani, mama? Mtoto ni wa mwanao."

"Kwetu hatuna hawa."

"Na kwetu hawapo, mama. Waulize."

Mazungumzo haya hayachagui kabila wala dini. Anaweza kuulizwa mama wa Kipimbwe, wa Kibende, wa Kikonongo, Mfipa au Msukuma aliyehamia Katavi na mifugo ya mumewe. Baba naye mara nyingi hasemi kitu. Wengine huaga kwenda machimboni kwa mwezi mmoja, na mwezi ukageuka miaka. Mama anabaki na mtoto, na kesi asiyoijua inapoanzia.

Inaanzia mahali padogo mno, ndani ya vifuko vya seli ambavyo hata ukivipanga 2,000 kwa mstari vitajaa milimita moja tu. Mzazi akielewa kinachotokea humo, mengi yanayosemwa wodini yanakosa mguu wa kusimamia.

Kifuko chenye uchachu

Kila seli ya mwili ina vifuko vinavyoitwa laisosomu. Jina hilo lilitolewa mwaka 1955 na mwanasayansi wa Ubelgiji, Christian de Duve, ambaye mwaka 1974 alishiriki Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Wengi walikutana na laisosomu sekondari, kama kiduara kimoja kwenye mchoro wa seli, wakakikariri kwa ajili ya mtihani na kukisahau.

Ndani ya kifuko hicho mna uchachu mkali na vimeng'enya vinavyosaga takataka za seli: vipande vilivyochakaa, vijidudu vilivyomezwa, mafuta yaliyozidi. Kinachozuia uchachu huo usiimalize seli yenyewe ni ukuta mwembamba, yaani utando. Utando huo umepenyezwa protini nyingi, na kila moja ina kazi yake. Zipo zinazoukinga usiliwe na vimeng'enya vya ndani. Zipo zinazosukuma asidi iingie. Nyingine ni milango ya kupitisha chumvi na sukari.

Kwa muda mrefu laisosomu ilitazamwa kama jalala tu. Baadaye ikajulikana kwamba inaweza pia kusogea hadi ukingoni mwa seli, utando wake ukaungana na ukuta wa nje, na vilivyomo vikamwagwa nje. Seli kadhaa zimeichukua kazi hiyo ya kutoa vitu na kuifanya yao rasmi. Chembe sahani za damu hutumia vifuko vya ukoo huu kumwaga vitu vya kugandisha damu mtu anapojikata. Seli nyeupe za kinga huvitumia kumwaga sumu juu ya seli iliyovamiwa na virusi. Na seli za rangi ya ngozi hutengenezea rangi humo.

Kifuko hicho cha rangi kinaitwa melanosomu, na rangi yenyewe ni melanini. Ni ndugu wa laisosomu: mwanzoni huwa na uchachu kama wake, na kinashiriki naye baadhi ya protini za utando.

Mlango uliokosekana

Kimeng'enya kinachopika melanini kinaitwa tirosinasi. Tabia yake ni moja: uchachu ukizidi hakifanyi kazi. Kwa hiyo kabla rangi haijaanza kupikwa, uchachu wa kifuko lazima upunguzwe, na hapo ndipo inapoingia protini ya utando iitwayo OCA2. Imefumwa kwenye ukuta wa kifuko cha rangi na kufanya kazi ya mlango, ikipitisha chembe za kloridi ili uchachu ushuke. Kazi yake hiyo ya mlango ilionyeshwa maabara mwaka 2014.

Mtoto asiye na OCA2 inayofanya kazi ana seli za rangi, na idadi yake ni ya kawaida. Hili huwashangaza wengi. Vifuko pia vipo, na tirosinasi inatengenezwa. Lakini kifuko kinabaki kichachu na jiko haliwaki. Zaidi ya hapo, watafiti waliochunguza seli za panya wenye hitilafu hiyohiyo waliona kwamba tirosinasi nyingi ilipotea njia: badala ya kufikishwa kwenye kifuko, ilimwagwa nje ya seli.

Kuna jambo la pili ambalo mzazi anapaswa kulijua, kwa sababu ndilo linaloamua maisha ya mtoto juani. Seli ya rangi haijiwekei melanini peke yake. Kwa mikono yake mirefu hufikia seli jirani za ngozi zipatazo 36 na kuzigawia. Kila seli jirani ikipokea huipanga melanini juu ya kiini chake, upande wa jua, mithili ya kofia. Kiini ndicho chenye vinasaba, na mionzi ya jua ikivipiga mara nyingi bila kinga, seli huanza kuzaliana ovyo. Hiyo ndiyo saratani ya ngozi.

Mtoto mwenye ualbino anaishi na mamilioni ya seli zisizo na kofia.

Kwa nini wazazi wote wawili

Maelekezo ya kutengeneza OCA2 yamo kwenye vinasaba, na kila mtu ana nakala mbili: moja ya mama, moja ya baba. Nakala moja nzima inatosha. Mwenye moja nzima na moja mbovu ana ngozi nyeusi kama kawaida, na anaweza kuzeeka bila kujua chochote. Ualbino wa aina hii hutokea pale tu mtoto anapopokea nakala mbovu kutoka pande zote mbili. Mama peke yake hawezi kuuleta, wala baba peke yake.

Kwa hiyo hoja ya kwamba mama alitoka nje ya ndoa haina mantiki. Mtoto kuzaliwa na ualbino kunaonyesha kwamba baba naye anabeba nakala ile. Ukifuata hesabu hiyo, mume anayemtuhumu mkewe anatumia ushahidi unaomtaja yeye mwenyewe.

Nakala hiyo mbovu inajulikana kwa sura. Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya Watanzania wenye ualbino, na wengi wao walikutwa na hitilafu ileile: kipande kimoja chenye herufi takriban 2,700 za DNA kimekatika na kupotea. Kipande hichohicho kimekosekana kwa watu wenye ualbino wa kusini mwa Afrika. Makabila tofauti, nchi tofauti, mkato uleule mmoja. Hiyo inaonyesha kwamba ulitokea mara moja, zamani sana, kwa babu au bibi mmoja ambaye uzao wake umetapakaa bara zima.

Je, wabebaji ni wachache? Uchunguzi wa Dk Luande na wenzake uliochapishwa mwaka 1985 ulikadiria kwamba Dar es Salaam mtu 1 kati ya 1,400 ana ualbino. Ukipiga hesabu ya urithi kwa kiwango hicho, mbebaji wa nakala moja ni takriban mtu 1 kati ya 19. Katika basi la abiria 60 linalotoka Mpanda kwenda Tabora, wastani ni abiria 3. Hakuna alama usoni wala ukoo wa kunyooshewa kidole, na kwa kawaida hakuna anayejua mpaka wabebaji wawili wazae pamoja.

Wanaosema ni mkosi, au kwamba mama alivuka mahali fulani akiwa mjamzito, nao wajibiwe hivyohivyo. Nakala mbovu ilikuwepo kabla ya mimba, kabla hata ya ndoa.

Saa saba ya Mpanda

Mpanda iko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na wiki ya pili ya Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini kabisa. Oktoba ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa kiangazi kinakuwa hakijaisha na mawingu ni machache.

Kitu ambacho wazazi wengi wa magharibi ya nchi hawakiwazi ni saa yenyewe. Saa za Tanzania ni moja kutoka Dar es Salaam hadi ziwa Tanganyika, lakini jua halifuati saa ya ukutani. Mpanda katikati ya mchana halisi ni karibu saa 7, si saa 6. Mtoto anayetoka shule saa 7 anatoka wakati jua limefika juu kabisa. Muda wa hatari ni kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni, na mtoto mwenye ualbino anatakiwa awe kivulini muda huo kadiri inavyowezekana. Kazi za nje zisogezwe alfajiri au magharibi.

Hapa ndipo maisha ya Katavi yanapogongana na ushauri wa daktari. Kuna mpunga wa kuamia ndege, kuna ng'ombe wa kuchunga, kuna majani ya tumbaku ya kuchuma, na kule Karema na Ikola kuna dagaa wa kuanikwa. Familia yenye watoto watano haioni sababu ya mmoja kukaa ndani huku wenzake wakifanya kazi. Sababu ipo, na wenzake waelezwe mapema ili wasimwone mvivu. Kazi za kivulini hazikosekani: kupukuchua mahindi barazani, kuchambua mchele, kutunza kuku, kupika. Kumtuma achunge kutwa nzima kwa sababu ni zamu yake ni kumpa zamu isiyo yake.

Kofia iwe na ukingo mpana pande zote. Kapelo haitoshi, maana inaacha masikio na shingo, na hapo ndipo vidonda vingi huanzia. Nguo iwe ya mikono mirefu na kitambaa kilichoshonana: ukikiinua juani na kuona mwanga unapenya, mionzi nayo inapenya. Sare ya shule ya mikono mifupi inaweza kuombewa ruhusa, na walimu wengi wakielezwa huelewa. Mchanga wa mgongoni afunikwe miguu na kichwa, kwa sababu mama akiinama kupalilia, nyuma ya mapaja ya mtoto huelekea jua moja kwa moja. Wala hahitaji kuanikwa juani ili apate vitamini D. Ngozi isiyo na rangi huitengeneza haraka kwa jua dogo la asubuhi.

Losheni ya kukinga jua inakuja baada ya nguo na kivuli, haichukui nafasi yake. Ipakwe usoni, masikioni, shingoni, mikononi, na irudiwe kila baada ya saa mbili mtoto akiwa nje. Hapa nchini ipo inayoitwa Kilisun, inayotengenezwa Moshi, KCMC, kwa ajili ya watu wenye ualbino, na hutolewa bure kupitia kliniki zao. Mzazi wa Katavi aulize hospitali ya mkoa au viongozi wa Chama cha Watu wenye Ualbino ni lini na wapi kliniki ya ngozi itafika karibu. Mafuta ya nazi, mafuta ya mgando na losheni za urembo hazikingi jua, hata kama ngozi inang'aa vizuri baada ya kupaka.

Onyo moja linalowapita wengi. Akifika miaka mitano, sita, mtoto mwenye aina hii ya ualbino anaweza kuota madoa ya kahawia usoni na mikononi, na nywele zikakolea kidogo. Bibi hufurahi: rangi inakuja. Haiji. Madoa hayo hutokea pale ngozi ilipopigwa sana na jua. Hayamkingi, na yakizidi ni dalili kwamba kofia haivaliwi.

Magamba makavu yasiyotoka, midomo inayopasuka kila mara, kidonda kisichopona ndani ya mwezi: hayo ni ya kupelekwa kwa daktari, si ya kupakwa dawa ya dukani. Yakiwahiwa, mengine huondolewa kwa kugandishwa kwa baridi kali siku hiyohiyo na mtoto akarudi nyumbani. Yakichelewa, safari ni ya Bugando au Ocean Road.

Macho, damu na usalama

Melanini husaidia pia kuunda jicho mtoto akiwa bado tumboni. Ikikosekana, sehemu ya jicho ya kuona vitu kwa makini haikamiliki, na baadhi ya mishipa inayokwenda ubongoni hufuata njia nyingine. Ndiyo maana baada ya wiki chache macho ya mtoto huanza kuchezacheza, na shuleni anasogeza daftari hadi puani. Miwani humsaidia wengine kwa kiasi, lakini haimalizi tatizo. Anahitaji kukaa mbele, mbali na mwanga wa dirisha, na kuruhusiwa kuusogelea ubao. Kwenye mitihani ya Taifa wanafunzi wenye uoni hafifu hupewa karatasi zenye maandishi makubwa, ila lazima shule itoe taarifa wakati wa usajili. Mzazi asisubiri wiki ya mtihani. Wapo watoto wanaoitwa wazito darasani kumbe ubao tu hawauoni.

Kwa kuwa vifuko vya rangi na vifuko vya chembe sahani ni ukoo mmoja, zipo aina chache za ualbino, adimu, ambazo huja na damu isiyoganda vizuri. Mtoto anayetoka michubuko bila kuanguka, au damu ya pua isiyokatika, daktari aambiwe. Aambiwe hasa kabla ya kung'oa jino na kabla ya tohara.

Kuhusu usalama, hakuna mzazi wa mkoa huu anayehitaji kukumbushwa miaka ile ya mashambulizi, wala hofu ya usiku iliyowafanya baba na mama walale zamu. Januari 2015 Serikali ilitangaza kupiga marufuku waganga wapiga ramli. Imani yenyewe haikuisha kwa tangazo. Mtoto aende shule na wenzake, mwenyekiti wa mtaa au kijiji amfahamu, na mgeni anayeulizia mtoto kwa bei ya zawadi aripotiwe polisi hata kama ni ndugu. Inauma kuandika neno ndugu, lakini ndivyo ilivyo.

Mimba inayofuata

Wazazi waliobaki pamoja huuliza swali moja: je, wa pili? Kwa kila mimba kuna nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto mwenye ualbino, 2 kati ya 4 ya mtoto mweusi anayebeba nakala moja kama wazazi wake, na 1 kati ya 4 ya asiyebeba kabisa. Kila mimba inaanza hesabu upya. Kupata mmoja mwenye ualbino hakumaanishi watatu wanaofuata watakuwa weusi.

Naye mtoto mwenyewe akikua na kuoa au kuolewa na mtu asiyebeba nakala hiyo, watoto wao wote watazaliwa weusi, kila mmoja akiwa mbebaji.

Na kuhusu bibi aliyeinama juu ya kitanda pale wodini akidai kwamba kwao hawapo: nakala aliyonayo baba wa mtoto haikuokotwa njiani. Alipewa na mmoja wa wazazi wake. Ni yeye bibi, au ni mumewe.